Walimpima Fahali Kwanza

Kama umeambiwa juzi kwamba kifua kikuu chako ni kile sugu, kile kisichosikia dawa za kawaida, najua ulitoka chumbani mwa daktari bila kusikia alichomalizia kusema. Mimi pia sikusikia. Alikuwa anaongea, nami natazama kalenda ya duka la mbolea iliyotundikwa nyuma yake, nikijiuliza nitamwambiaje Shivachi. Si mke wangu, si mama yangu. Shivachi. Nitaeleza kwa nini, na huenda na wewe una Shivachi wako.

Niliingia jeshini nikiwa kijana ambaye ndevu hazijamtoka vizuri, nikatoka nikiwa sajenti mwenye mvi. Nilirudi nyumbani upande wa Ikolomani, si mbali na Iguhu, mahali nilipozaliwa na ambapo sasa nilikuwa mgeni. Majirani wengi walinijua kwa ile picha yangu ya magwanda iliyo sebuleni kwa mama. Kila siku niliamka kabla ya mapambazuko, nikanyoa ndevu, nikapiga viatu kiwi, halafu nikaketi kitini sina pa kwenda. Jeshini usipoonekana kwenye gwaride kuna mtu atakayeuliza uko wapi. Huku ningelala hadi adhuhuri na hakuna ambaye angeshtuka.

Mke wangu, Mama Ayub, alikuwa ameendesha boma bila mimi miaka yote hiyo na aliliendesha vizuri. Kila nilipojaribu kusaidia nilimharibia kazi. Nilizipanga kuni zake kwa vimo, akazipangua. Niliwapigia watoto filimbi waamke kwenda shule, akaniambia nikirudia atatutumbukiza chooni, mimi na filimbi yangu. Nilianza kuiweka mfukoni, na nilipokuwa peke yangu niliishika tu.

Shivachi tulitahiriwa pamoja, lakini tangu wakati huo tulionana kwenye matanga tu. Ni mtu mwembamba, maneno mengi, na ndiye mwenye fahali anayeitwa Transfoma. Asubuhi moja alinikuta barabarani nikitembea kasi bila sababu, akaniuliza ni nani ananifukuza. Aliniambia nije nimsaidie kumtembeza ng'ombe wake, maana yeye alikuwa amechoka kuburutwa.

Huku kwetu fahali wa kupigana ana mwenyewe, lakini ni wa kijiji kizima. Siku ya pambano hatembei peke yake kwenda uwanjani. Husindikizwa alfajiri kwa ngoma za isukuti na pembe, watu wakikimbia mbele na nyuma wakimwimbia sifa, na akishatoka bomani hasimamishwi na mtu hadi afike. Transfoma alikuwa na nguvu za kutosha, ila nidhamu hakuna. Nikamwomba Shivachi aniachie asubuhi zake. Nilimfundisha kwa filimbi: mlio mmoja mrefu, anasimama, nampa chumvi kiganjani. Alikuwa mkaidi kuliko kuruta yeyote niliyewahi kupewa, lakini mwishowe alikuwa anasimama hata akiwa katikati ya mbio. Watu walikuja kutazama, wakacheka, wakaanza kuniita Afande, na nilipenda jinsi walivyolitamka.

Jioni tulikutana kibandani kwake, sisi wachache tuliomtunza. Ni kibanda cha udongo kisicho na dirisha, maana fahali wa kupigana hatakiwi kuwaona majike wakipita. Tulifunga mlango, tukanywa pombe ya busaa, tukapanga mambo ya mapambano huku mnyama akitafuna majani nyuma yetu. Mmoja akikosa jioni, mwingine anatumwa kwao kuuliza kulikoni. Nasema wazi kwamba niliwapenda wanaume wale. Nilikuwa nimepata kikosi tena.

Kikohozi kilinianza wakati wa kupanda mahindi. Nilisema ni vumbi, kisha mvua zikaja na vumbi likaisha, kikohozi kikabaki. Mkanda wangu wa jeshi niliutoboa tundu jipya, baadaye jingine. Nikawa naamka fulana imelowa jasho la kukamuliwa. Mama Ayub ndiye aliyeona damu kwenye leso. Alivaa viatu vyake vya kanisani, akasimama mlangoni akinisubiri. Tukaenda.

Kuhusu vyumba vya kungojea nikueleze hivi. Utaketi kwenye benchi na utajikuta unawachunguza wengine, nani amekonda kuliko wewe, nani ameacha nafasi kati yake na wewe. Mjini Kakamega niliketi pembeni mwa dirisha nikiwa na barakoa, na mama mmoja aliyekuwa na mtoto alinyanyuka taratibu akahamia upande wa pili. Alifanya vizuri. Hata mimi ningehama. Lakini niliinamisha kichwa na sikukiinua mpaka jina langu lilipoitwa.

Majibu yalipokuja nilipelekwa kumezea dawa kituo cha afya kilicho karibu na kwetu, kila asubuhi, mbele ya nesi. Huyo ni Sista Ayuma, mwanamke wa umri wangu asiye na muda wa upuuzi. Mke, watoto na mama yangu walipimwa wakaonekana wazima, na hapo ndipo nililia, nje, nyuma ya tangi la maji. Niliporudi ndani Sista aliniuliza ni wapi pengine ninapokaa na watu mahali palipofungwa. Nikamwambia kuna kibanda cha fahali.

Alinieleza kwamba wote wa kibandani lazima wapimwe, na akaniuliza awatumie mtu au nitawaambia mwenyewe. Nilisema nitawaambia mwenyewe. Jioni ile nilisimama nje ya kibanda, mbali kidogo na mlango, barakoa usoni. Niliongea kama ninayetoa ripoti: nina kifua kikuu sugu, nimeanza dawa, nyinyi mmekaa nami, nendeni kituoni mkapimwe. Ndani Transfoma aliendelea kutafuna. Shivachi aliuliza swali moja tu.

"Afande, umekuwa ukimpulizia Transfoma filimbi usoni?"

Nilisema ndiyo. Niliona sura zao zikibadilika, na nilielewa kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa akiliwazia pafu lake. Kesho yake mtu alikuja bomani kwetu kuchukua kamba ya fahali. Hakuingia, alisimama kando ya ua akaomba arushiwe. Walimhamisha Transfoma wiki nzima, wakakifukiza kibanda kwa majani, wakamwita daktari wa mifugo. Daktari alimdunga sindano shingoni, akarudi baada ya siku chache kupapasa pale mahali, akatangaza kwamba mnyama ni mzima kabisa. Jioni hiyo nilisikia isukuti ikipigwa kwa Shivachi. Walikuwa wanasherehekea majibu.

Mhudumu wa afya wa kijiji alipowapelekea vikopo vya makohozi walimcheka. Hoja yao ilikuwa kwamba aliyekuwa karibu zaidi na filimbi yangu ni ng'ombe, na ng'ombe amepita. Kwa hiyo wao wangepataje? Sista Ayuma alifika mwenyewe, akajibiwa hivyo hivyo kwa heshima na kupewa kuku. Alimrudisha kuku.

Sasa nikueleze habari za mwili, maana utazitaka. Vidonge ni vingi, vinajaa kiganja. Meza vile vikubwa kwanza, na uji uwe umepoa. Ngozi yangu iligeuka, ikawa nyeusi ya kung'aa, na mama mzazi aliponiona mwangani alisema nimefanana na babu yake. Nyayo ziliwaka moto jioni, na mchana hazikuhisi kitu. Nilipoteza ndala moja njiani nikafika nyumbani bila kujua. Chakula kilinuka chuma. Haya yote uyaseme kwa nesi wako, hata lile la ndala, kwa sababu Sista alipolisikia hilo aliniulizia kwa daktari na dawa moja ikapunguzwa. Usijitie uaskari. Mimi nilijitia, na nilichopata ni kidole kilichochomwa na msumari.

Nyumbani nililala chumba cha nje, dirisha wazi hata mvua ikinyesha. Mama Ayub aliniletea chakula kwenye kigoda, akakiweka, akarudi hatua kadhaa, tukaongea hivyo. Jioni moja niliulalamikia mchicha.

"Miaka yote ulikuwanga huko jeshini, nikilalanga peke yangu," alisema. "Umerudi, na bado nalala peke yangu. Kula obusuma yako, Baba Ayub."

Nikala ugali wangu. Alikuwa amebeba mengi asiyoniambia. Kwenye chama chao cha akina mama walikuwa wameanza kumpa chai kwa kikombe cha plastiki, peke yake, na alikinywea kisha akakiosha mwenyewe. Kijijini walisema nimeleta ugonjwa wa jeshini. Wengine walisema ni ule mwingine, mkubwa, na kifua ni kisingizio tu. Mimi sikujali sana ya kijiji. Nilichojali ni kwamba kila alfajiri, nikielekea kituoni, nilipita nyuma ya boma la Shivachi na kumsikia Transfoma akilia ndani, na mtu mwingine akimfokea. Nilitembea haraka kupita pale.

Kwenye benchi la kituo tulikuwa wawili, mimi na Were, mkata miwa wa upande wa Butere aliyekuwa akiishi kwa dada yake. Alikuwa amekaa na kikohozi kupita kiasi akiogopa kuacha shamba. Alikuwa mcheshi hata pumzi ilipokuwa haimtoshi. Kila asubuhi alinipigia saluti ya mkono wa kushoto ili nimkemee. Mahindi yalipoanza kutoa mbelewele aliacha kuja. Nilimuuliza Sista, naye alisafisha miwani yake kwa muda, akaniambia nihamie katikati ya benchi sasa. Sikuhamia. Nilikaa mwisho wangu ule ule.

Muda mfupi baadaye makohozi yangu yalitoka safi, na yakatoka safi tena mara ya pili. Sista alisema siambukizi mtu tena, ila dawa bado ni nyingi mbele. Nilirudishwa chumbani kwangu. Mama Ayub alikuwa amebadilisha mashuka.

Ndipo akaniambia alichosikia kisimani. Mke wa Shivachi alikuwa akianika godoro kila siku. Mumewe alikuwa analowa jasho usiku, na anakohoa hadi anashika ukuta.

Nilienda mchana uleule. Shivachi alikuwa akikata majani ya ng'ombe karibu na ua, na shati lilimning'inia mabegani. Aliponiona aliinua mkono nisikaribie. Nilimwambia mimi siambukizi tena, wa kuogopwa sasa ni yeye. Nilimweleza jinsi Were alivyokufa. Alisikiliza huku akiendelea kukata, kisha akakohoa, akageuza uso ili nisione anachotema.

"Jumamosi tunaenda uwanjani," alisema. "Na nikipatikana nayo, Transfoma ataendeshwa na nani?"

"Na ukifa?"

"Enda nyumbani, Afande."

Nilikwenda, lakini sikupata utulivu. Hasira niliyokuwa nayo siku zile niliielewa nusu tu. Wale watu walinifungia mlango, na bado nilikuwa nawahesabu kichwani kama nilivyokuwa nikihesabu kikosi kabla ya kulala. Nilijua Shivachi akingoja hadi mavuno yaishe ataishia alikoishia Were.

Jumamosi ile nilikuwa benchini mapema, maana vidonge havina wikendi. Njia ya kwenda uwanjani inapita mbele ya lango la kituo. Nilisikia isukuti mbali, kisha pembe, kisha miguu. Sista alitoka akasimama mlangoni na kikombe changu cha uji. Umati ulikuja ukijaza barabara, vumbi limepanda, matawi juu, na katikati yao Transfoma, amepakwa rangi, pembe zimenolewa, macho mekundu. Shivachi alikuwa mbele akipuliza pembe. Alipuliza, pumzi ikakatika. Akapuliza tena, akainama, mkono gotini, akatema chini na kufunika kwa mguu haraka. Hakuna aliyeona ila mimi.

Mkono ulikuwa tayari mfukoni. Nataka uelewe nilichokuwa nakaribia kufanya. Kwetu kumsimamisha fahali anayeenda kupigana ni aibu isiyo na jina, ni mkosi kwa mnyama na tusi kwa kila aliyetoka na ngoma. Ningefanya hivyo, hata mlango uliobaki na ufa ungefungwa. Tena sikujua kama pumzi ipo. Sikuwa nimeipuliza filimbi ile tangu nilipoanza kuugua.

Nilivuta hewa, kifua kikaniuma upande, nikapuliza. Ilitoka nyembamba, ikatetemeka, nikaishikilia. Nilipuliza mpaka nikaona vimulimuli.

Transfoma akasimama. Walio nyuma waligongana naye, wakagongana wenyewe kwa wenyewe, ngoma zikanyamaza moja moja. Fahali aligeuza kichwa, akaniona, akaacha barabara akaja moja kwa moja langoni kutafuta chumvi yake. Wenye kamba walivuta, hakuwajali. Nilimshika pua. Niliogopa watu wale kuliko nilivyowahi kuogopa mtu mwenye bunduki. Mmoja aliinua fimbo. Wengine walikuwa wakipiga kelele kwamba nimelaani ng'ombe.

Shivachi alipenya mbele, uso umemvimba kwa hasira. "Afande. Unataka nini kwetu?"

"Makohozi yako," nilisema. "Wewe na wote wa kibandani. Mkitema, nampa ruhusa aende. Msipotema, nipigeni, lakini hatatoka hapa kwa filimbi ya mtu mwingine."

Alitaka kujibu, kikohozi kikamjia. Hakikuisha. Alishika nguzo ya lango, na alipoondoa mkono mdomoni kila mtu aliona damu kwenye kiganja chake. Umati ukarudi nyuma ukimwacha, pole pole, kama yule mama wa Kakamega. Aliona wanavyorudi. Kwa sauti ambayo nadhani ni mimi tu niliyeisikia, alisema, "Watanifanyia vile tulikufanyia."

"Mimi siendi popote," nilimwambia, nikabaki pale pale.

Sista Ayuma aliingia ndani. Alileta vikopo kwenye beseni, akawapeleka nyuma ya jengo penye upepo, mmoja mmoja, wanaume wenye majani kichwani na njuga miguuni. Nami nilisimama langoni nikimlisha fahali chumvi ya jikoni kwa Sista. Walipomaliza nilimpiga kofi begani, akaondoka nao. Hakuna aliyeniaga.

Transfoma alifika uwanjani amechelewa na amepoa. Waliokwenda walisema alisukumana kidogo tu, akageuka akakimbia hadi kwenye mashamba ya watu. Washindi waliimba mpaka mlangoni kwa Shivachi, na njiani walipitia kwetu pia, wakaimba zaidi. Mama Ayub alifunga dirisha. Aliniuliza kama ilifaa. Nilimwambia sijui.

Majibu yalisema Shivachi anao, ule ule wangu, na binamu yake mmoja wa kibandani pia. Wengine walikuwa salama. Asubuhi yake ya kwanza alikuja kituoni akaketi mwisho wa benchi, mahali pa Were, bila kunisalimu. Sista alimjazia kiganja. Alivitazama vidonge vile.

"Vikubwa kwanza," nilisema. "Uji uache upoe."

Alimeza. Ilimchukua muda. Kisha alifuta mdomo na kutazama mbele, barabarani.

"Ulitupotezea pambano."

"Ndiyo."

"Wale wengine wamekitoboa kibanda madirisha. Sasa majike yakipita anayaona, hatulii." Alikohoa ndani ya barakoa. "Na hataki kutolewa na mtu. Kesho kuja na hiyo filimbi yako."

Nilitaka kumwambia mengi. Nilisema nitakuja, nikainuka nikaenda nyuma ya tangi la maji kwa mara ya pili mwaka ule.

Mimi nimemaliza dawa. Ngozi inarudi rangi yake polepole, nyayo bado zinanichoma jioni za baridi. Kwenye chama wamemrudishia Mama Ayub kikombe cha udongo, naye amewaambia amezoea cha plastiki. Kama wewe ndiyo unaanza, siwezi kukuahidi kwamba watu wako watabaki; wangu walikimbia. Nakuambia tu kwamba baadhi yao wanakimbia kwa sababu wanaogopa kukimbiwa, na unaweza kuwangojea karibu na lango.

Shivachi bado ana miezi ya kumeza. Siku zingine hataki, anasema tumbo limemshinda, anasema atameza kesho. Kwa hiyo tumebadilisha njia ya mazoezi ya Transfoma. Kila alfajiri tunatoka naye sote wa kibandani, tunapita mbele ya kituo, na pale langoni napuliza mlio mmoja mrefu. Fahali anasimama, anaanza kula maua ya Sista Ayuma, na Shivachi anaingia ndani akilalamika. Hatuondoki mpaka ameze.